Taa Nyekundu na Ulimi wa Koko Zaina

Kazi ya hospitali niliipata kwa sababu moja tu: sikuogopa giza. Cheti sikuwa nacho. Shule ya Kifaransa niliiacha baada ya miaka miwili. Mwalimu hakusikitika na mimi sikusikitika. Kuandika huku mnakokuona nilifundishwa na mwalimu wa chuo cha Kurani, mzee aliyetoka Unguja akaoa kwetu, na fimbo yake ilikuwa ndefu kuliko subira yake. Ndiyo maana naandika kwa Kiswahili chake. Binti yangu atawageuzia kwa Kifaransa, na mkikuta mahali nimekuwa mpole, jueni hapo ameandika yeye. Maneno ya watu pia nimeyageuza, kwa kuwa huku tunasema Kisakalava, Kifaransa mbele ya wakubwa, na sisi wenye baba wa Kikomoro tunasema Kikomoro jikoni na wakati wa kugombana.

Vijana wa idara, mliniuliza siku ile ya kuniaga kwa soda na biskuti nilifanya nini humu miaka yote hiyo. Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache na vilifika vimechoka. Mshahara mnaujua, maana na nyinyi mnaupata. Nitawaambia habari za chumba cha giza, za taa yangu, na za mgonjwa mmoja aliyenitukana kuliko wagonjwa wengine wote wakijumlishwa.

Nilianza Nosy Be, mwishoni mwa miaka ya sabini. Huku Majunga kulikuwa kumechafuka, Wakomoro wameuawa, wengi wameshaondoka kwa meli na kwa ndege, na mimi, kijana mwenye jina la Soilihi na pua ya babu yangu, niliona heri nihamie kisiwani, ambako pua kama yangu zilikuwa nyingi. Hospitali ya pale ilikuwa na mashine moja ya eksirei na fundi mmoja wa picha, Msakalava mnene, msafi, asiyecheka, aitwaye Jaozafy. Wasaidizi wake walikuwa wakimkimbia. Nilikwenda kuomba kazi ya kufagia, akanitazama.

"Unaogopa giza?"

"Giza ndilo linaloniogopa mimi."

"Mjinga," akasema. "Ingia."

Chumba cha giza kilikuwa na upana wa choo na kilinuka kuliko choo. Kulikuwa na tangi la dawa ya kutoa picha, tangi la maji, tangi la dawa ya kuishikisha, na juu yake ikining'inia taa ndogo nyekundu. Nyinyi mliozaliwa na kompyuta hamjui jambo hili: filamu ya eksirei ikiguswa na mwanga mweupe inakufa pale pale, lakini nyekundu haiioni. Mtu anaona, filamu haioni. Hilo lilikuwa somo langu la kwanza na nililishika kama Alhamdu. Nyeupe inaua, nyekundu haina neno.

Saa ya ukutani ilikuwa imekufa kwa mvuke wa dawa. Jaozafy alipima muda wa filamu kwa wimbo wa kanisani kwao, beti zote, kwa sauti ya kunguruma, na wagonjwa waliokuwa wakingoja nje walidhani mtu amefariki. Aliponiachia kazi, mimi nilipima kwa sura niliyoijua vizuri. Picha zikatoka nyeusi kama sufuria. Akanijia juu.

"Unasoma nini humo ndani?"

"Sura."

"Basi chagua fupi!"

Shida nyingine ilikuwa joto. Dawa ikipata joto picha inaharibika, na Nosy Be haina siku ya baridi. Tuliyaweka matangi ndani ya karai la barafu, na barafu tuliipata kwa wauza samaki wa ufuo wa Ambondrona, ile iliyokwisha kulaliwa na samaki. Kwa hiyo mapafu ya kisiwa kizima yalinuka nguru. Daktari mmoja mgeni alikuwa akizinusa picha kabla ya kuzisoma, kisha ananitazama mimi.

Jaozafy alinifundisha jambo jingine ambalo bado nalishika: mlango wa chumba cha giza haufunguliwi kwa cheo cha mtu. Mkuu wa hospitali aligonga siku moja, akaita jina lake na kazi yake. Jaozafy akajibu kutoka ndani, "Hata Mungu angengoja filamu iingie dawani." Mkuu alingoja. Alipofunguliwa alikuwa amesahau alichokuja kutaka.

Majunga ilipotulia nilirudi, nikaingia hospitali kubwa, chumba cha giza kikubwa zaidi, harufu ile ile. Humo nilizeeka. Niliingia na nywele na nikatoka bila nywele. Kisha ikaja kompyuta. Picha ikawa inatokea kwenye kioo bila dawa, bila giza, bila mimi. Mkubwa mmoja akanipiga bega akaniambia hospitali haiwezi kunisahau, wakanipa ngazi na sanduku la balbu. Miaka yangu yote nimekuwa nikiufukuza mwanga, na sasa nikawa fundi wa kuuweka.

Nilikuwa juu ya ngazi hiyo alipokuja Dokotera Hanitra, daktari wa koo na masikio. Mwanamke mwembamba wa nyanda za juu, amesomea mbali, amerudi na sanduku la chuma aliloazimwa na walimu wake. Watu wa kwao wana adabu, alingoja nishuke.

"Ingahy Soilihi," akasema, na hiyo ndiyo njia yao ya kumwita mtu bwana, "nimeambiwa unajua giza."

"Nani mwingine hapa analijua?"

Akanieleza. Wagonjwa wa saratani ya mdomo na koo walikuwa wanamfikia wamechelewa, wameshachomwa mionzi mji mkuu, wengine wameshakatwa, hakuna kilichobaki cha kuwafanyia. Sasa ipo dawa. Unaichoma mshipani, inaenea mwili mzima, inakaa sana kwenye uvimbe. Yenyewe imelala tu. Siku chache baadaye unaumulika uvimbe kwa mwanga wa leza, unaotoka kwenye sanduku lile na kupitishwa kwenye uzi wa kioo, dawa inaamka, uvimbe unakufa.

"Na pasipo uvimbe?"

"Dawa ipo pia. Kwa hiyo jua likimpiga mgonjwa, ngozi yake inaungua. Wiki nyingi."

"Yaani unataka kumtibu mtu kwa mwanga, na kabla yake umfiche mwanga, na baada yake umfiche mwanga."

"Ndiyo."

"Hayo mlisomea miaka mingapi?"

Akacheka. Nikamuuliza kama inaponya. Hakunificha. "Mara chache. Wengi tunawapa muda. Wameze, wale, waseme na watu wao." Nikaona huyu ni mtu wa kweli, nikaikunja ngazi yangu nikamfuata.

Nilipewa chumba cha mwisho wa ukumbi. Nilikifunga kwa kitambaa cheusi, karatasi ya lami na gundi, dirisha, nyufa, hata tundu la ufunguo. Kila aliyepita alinisifu. Dokotera Hanitra akaingia, akajigonga kwenye kitanda, akasema kutoka gizani, "Ingahy Soilihi, atakaa mtu humu. Si filamu. Mtu anahitaji mwanga kidogo, hafifu, ngozi izoee polepole na dawa iishe. Ukimfungia giza la kaburi, siku atakayotoka ataungua vilevile."

Hakusema rangi. Mwanga kidogo, hafifu, usiodhuru: mtu wa kazi yangu anasikia nini hapo? Nikaenda stoo nikaitoa taa yangu nyekundu, nikaifuta vumbi, nikaitundika juu ya kitanda. Chumba kikapendeza. Nikasimama mlangoni nikimngoja anishukuru.

Aliingia, akaiona. Alipanda juu ya kitanda na viatu vyake, akaishika balbu kwa pindo la koti, akaichomoa.

"Nyekundu!"

"Nyekundu haina neno, Dokotera. Filamu haiioni."

"Dawa yangu ndiyo inayoipenda! Leza yenyewe ni nyekundu! Kati ya rangi zote za Mungu, Ingahy Soilihi!"

Mgonjwa alikuwa bado hajaletwa, kwa hiyo hakuna aliyedhurika, na mimi sikuona haya na sioni haya leo. Aliyeweka taa ya rangi nyingine kwenye chumba cha giza angefukuzwa na Jaozafy kwa teke. Nilichokiona kichekesho ni kwamba rangi iliyonilisha tangu ujana ndiyo humu iliyopewa kazi ya kuua. Tuliishia na balbu dhaifu ya manjano, pembeni, nyuma ya kitambaa. Haina sura. Inafaa.

Wagonjwa wakaanza kuja, mmoja mmoja, maana dawa ilikuwa adimu. Nawakumbuka wote. Lakini niliahidi mmoja.

Koko Zaina aliletwa kutoka Ambondrona, Nosy Be, na mdogo wake Moina anayekaa hapa mjini, mtaa wa Ampisikina. Koko ni bibi kwa Kikomoro, na jina hilo alipewa na ufuo mzima, maana alikuwa ndiye anayenunua samaki kwa wavuvi na kuwauzia mahoteli. Wapishi wa mahoteli walimwogopa. Wapo vazaha, wazungu hao, waliosema hawajui neno hata moja la lugha yetu isipokuwa yale waliyotukanwa na yeye. Na saratani, katika mwili mzima wa mwanamke mkubwa kama yule, ilichagua ulimi. Mionzi ilikwisha fanyika, ikarudi. Daktari wa upasuaji alitaka kuuondoa ulimi. Yeye alikataa, kwa maneno yaliyokuwa yakitoka kama yamefungwa kwenye kanga:

"Nikatwe ulimi, halafu mahoteli niyatukane kwa vidole?"

Watu wakacheka. Yeye hakuwa anachekesha. Dokotera Hanitra akamwambia wazi: tutamulika, tutangoja wiki zipite, kisha nitaangalia na kuchukua kipande kidogo kupima. Ikiwa uvimbe umekufa, ulimi unabaki. Ikiwa bado uko hai, hakuna njia ila kisu.

Nilimpokea mlangoni mwa chumba changu. Alikuwa ameshachomwa dawa na kuvishwa miwani myeusi, na humo ndani, kwa balbu ile, aliniona mimi kama nguo iliyotundikwa.

"Huyu nani?"

"Ni Ingahy Soilihi," Dokotera akasema. "Ndiye anayetunza giza."

"Hiyo nayo ni kazi?"

"Na ya kwako ni ipi, Koko," nikamjibu, "kutunza harufu?"

Akauelekeza uso wake kwangu. Kisha akamwambia Dokotera, "Huyu aachwe."

Siku ya leza mimi nilikuwamo, kazi yangu kuangalia mlango. Tulivaa miwani sote. Midomo na mashavu ya ndani walimfunika kwa vitambaa vilivyoloweshwa, ukabaki ulimi tu. Dokotera akashika uzi wa kioo, mwembamba kama mshipi wa kuvulia samaki wadogo, na mwishoni mwake pakawaka doa jekundu. Hakuna moshi, hakuna sauti. Nilisoma kimoyomoyo, kwa mazoea tu, na sikuwa nimefika mbali aliposema basi. Nikamuuliza, "Ndiyo hiyo?" Akasema ndiyo hiyo. Nimeona watu wakitumia muda mrefu zaidi kuwasha jiko la mkaa.

Kazi ilikuwa baadaye. Mdomo ulivimba mpaka shavu likang'aa. Ulimi ukafunikwa na gamba jeusi linalonuka, na lazima lisafishwe kila siku lisije likaoza na kumpa homa. Alilishwa kwa mpira wa puani. Kusema, hakuna. Mwanamke yule, hakuna. Alikuwa akigonga kikombe cha bati kwenye chuma cha kitanda, na baada ya muda nilijua kugonga kwa maji, kugonga kwa maumivu, na kugonga kwa matusi, ambako kulikuwa na mapigo ya haraka na mwisho wake kikombe kinarushwa. Nilikiokota. Nilimsimulia hadithi ya barafu ya Nosy Be na picha zinazonuka nguru. Kikombe kikagongwa kwa namna mpya, nikadhani anakufa. Alikuwa anacheka.

Uvimbe wa shavu ulipopungua, Moina akaomba dada yake akauguzwe nyumbani. Dokotera alikubali kwa sharti moja, akalisema mara nyingi: "Jua lisimguse. Hata kidogo."

"Halitamgusa," Moina akasema. "Naapa."

Nilikwenda mwenyewe Ampisikina nikafunga madirisha ya chumba. Kila kitu kilikuwa sawa. Sasa sikilizeni, maana kosa lililofuata halijaandikwa kwenye kitabu chochote cha madaktari, na haliwezi kuandikwa ila na mtu wa huku.

Kulikuwa na arusi ya mtoto wa ndugu yao, mtaa wa Tsaramandroso. Koko Zaina aliitaka arusi ile. Aliigongea kikombe. Moina akafikiri: daktari amesema jua lisimguse. Na mwanamke wa pwani hii anajikinga jua kwa nini? Kwa masonjoany. Mnauona kila siku sokoni, ule mti unaosagwa juu ya jiwe kwa maji mpaka unakuwa uji wa manjano, wanawake wanaupaka usoni. Wakomoro tunauita msindzanu. Bibi zetu walijipaka, mama zetu walijipaka, na nyuso zao ziliwafikisha kaburini zikiwa laini. Basi Moina alisaga kipande kizima. Akampaka dada yake paji, mashavu, pua, shingo, akangoja ikauke, akapaka tena. Akamvika miwani na kishali, akampeleka.

Na huko arusini mnajua wanawake wanafanya nini. Wanapiga makofi. Koko Zaina hawezi kuimba, basi akapiga makofi kwa ajili ya mdomo na mikono, uani, adhuhuri, kishali kimemporomoka mabegani, mikono nje mpaka kwenye viwiko.

Walimleta alasiri ile ile. Mikono ilikuwa imevimba kama mikate, malengelenge juu ya vidole. Walipomwosha uso, chini ya manjano ngozi ilikuwa nyekundu ya nyama. Dokotera Hanitra, mtu wa adabu, alipiga kelele mpaka ukumbi ukasimama.

"Nilisema jua lisimguse!"

"Halikumgusa!" Moina naye akapiga kelele. "Tumempaka!"

"Mmempaka nini?"

"Masonjoany! Mara mbili! Kwa mkono wangu!"

Dokotera akanigeukia mimi. Kwao nyanda za juu desturi hiyo haipo, anaiona tu kwa wanawake wapitao barabarani hapa na kuidhania pambo. Nikamweleza. Alikaa kwenye kiti. Moina alikuwa ametii neno kwa neno. Uji ule unazuia jua analolijua bibi yako, la kukunja ngozi na kuitia weusi. Mwanga ambao dawa ile inautaka unapita humo kama maji kwenye chandarua. Daktari alisema jua, na Moina alisikia jua, na kila mmoja alikuwa na lake.

Hapo ndipo mambo yalipotaka kuharibika kabisa. Moina alianza kulia, na akilia anakuwa mkali.

"Mnamchoma! Mmemchoma mdomo, sasa mmemchoma mikono! Nampeleka kwao Nosy Be, akafie kwenye kitanda chake!"

"Ukimpeleka sasa," Dokotera akasema, "nani atasafisha ulimi ule? Nani ataupima? Lile gamba likioza, homa itamuua kabla ya saratani. Na akipona homa, ulimi hautajulikana umepona au la, mpaka awe amechelewa."

"Bora achelewe kuliko aunguzwe!"

Moina akamshika dada yake chini ya kwapa amwinue. Mimi nilisimama mlangoni. Sikuwa na haki ya kumzuia mtu na ndugu yake, lakini mlango nimezoea kuusimamia, na mwili wangu haukusogea. Ndipo tukasikia sauti kutoka kitandani. Nzito, imejaa mate, kama mtu anayesema na embe mdomoni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu leza.

"Moina."

Moina akamwachia.

"Umenipaka kama ukuta."

Moina akaketi chini sakafuni, analia na kucheka. Koko Zaina akavuta pumzi, akakusanya mate, akasema tena, polepole, akichagua kila neno: "Nabaki. Na huyu mtu wa giza."

Hivyo nikarudishiwa mgonjwa wangu, na mikono yake imefungwa bendeji, kwa hiyo hata kikombe hakuweza kukishika. Kilichobaki ni ulimi, na ulimi ilibidi ufanye kazi. Alianza na majina ya samaki. Nilikuwa nikikaa kwenye kigoda karibu na balbu, yeye anataja: changu, nguru, jodari, kolekole. Likitoka vibaya analirudia. Likitoka vizuri analirudia kwa kujisifu. Alipomaliza samaki akaanza kunitaja mimi. Mbwa wa stoo. Popo asiye na mbawa. Kizibo. Kila siku tusi lilitoka safi kuliko la jana, na Dokotera alipokuja kuandika maendeleo alikuwa ananiuliza mimi, "Leo amekuitaje?"

Siku moja akasema, "Ile barafu yenu ya Nosy Be."

"Ndiyo, Koko."

"Ilikuwa ya mama yangu. Iliyo safi alikuwa anaificha mkisikika mnakuja. Mlikuwa mnapewa ya kuoshea mapipa."

"Madaktari walisoma vifua vya watu kwa barafu hiyo."

"Ndiyo maana watu walikuwa wanakufa," akasema, akageukia ukutani, ameridhika.

Msidhani alikuwa mwepesi hivyo wakati wote. Siku ya kupimwa ilipokaribia matusi yalipungua. Asubuhi moja nikajifanya natengeneza kitambaa cha dirisha.

"Wakisema wakate?" akauliza.

"Utakuwa kimya. Nitapumzika."

Nilingoja tusi. Halikuja. Nikajua nimekosea mlango.

"Soilihi," akasema, na alikuwa hajawahi kuniita jina. "Wakisema wakate, siku hiyo usiwepo."

"Kwa nini, Koko?"

"Sitaki mtu niliyemzoea anione sina cha kumjibu."

Mimi nina jibu la kila mtu humu hospitalini, waulizeni, na siku hiyo nilikishika kitambaa kile cheusi kana kwamba kina tundu.

Dokotera Hanitra aliutazama ulimi kwa taa ya kichwani, akaubonyeza, akachukua kipande, kikapelekwa mji mkuu. Wakati wa kungoja jibu Koko alinipa majina ya samaki wote upya, toka mwanzo, kama mtoto anayehitimisha juzuu. Gamba jeusi lilikuwa limeshatoka, na chini yake ulimi ulikuwa na kovu, umepungua upande mmoja, lakini ulikuwa ulimi. Jibu lilipokuja Dokotera aliingia bila kugonga, jambo ambalo halijapata kutokea kwenye mlango wangu. Alisema, "Haupo. Kwenye ulimi haupo." Moina alipiga kigelegele mpaka nesi akaja mbio akidhani kuna aliyejifungua.

Sasa nitawaambia jambo la mwisho kabla ya mahali pake, nisije nikamaliza na msiba. Ugonjwa ulimrudia mwaka uliofuata, shingoni, ndani, ambako uzi ule wa kioo haufiki. Alifia Ambondrona, kitandani kwake, na mpaka wiki yake ya mwisho alikuwa anawajibu watu. Dawa ile nayo iliacha kuja, sanduku la leza likarudi kwa wenyewe, na chumba changu sasa kinahifadhi magodoro. Wapo wanaosema tulijisumbua kwa kitu kidogo. Wanaosema hivyo wana ndimi zao.

Lakini kabla ya hayo yote ilikuwapo siku aliyoruhusiwa kutoka nje. Alikuwa ameshazoeshwa mwanga kidogo kidogo, dirisha nusu, dirisha zima, kivuli cha baraza. Asubuhi hiyo Dokotera Hanitra akasema anaweza kusimama uani na kuvua miwani. Watu walikuwa wengi, wanangoja kliniki, wengine wanakula vitumbua. Mimi nilikuwa nimesimama chini ya ngazi yangu na balbu mkononi. Koko Zaina alitoka ameshikwa na Moina, akafika katikati ya ua, akavua miwani, akafumba macho, akafumbua. Alitazama mbingu. Alitazama mikono yake, ngozi mpya, ya waridi. Kisha akanitazama mimi, kwa sababu nilikuwa nimesema, "Karibu nje, Koko," na sauti aliijua.

Akanisogelea. Akanitazama kuanzia ndala, akapanda taratibu, suruali, kitambi, pua ya babu yangu, mpaka kwenye upara.

"Wewe ndiye Soilihi?"

"Ndiye mimi."

"Yule yule wa chumbani?"

"Yule yule."

Akanizunguka, anitazame na nyuma pia. Akarudi mbele. Kisha akamgeukia Dokotera Hanitra, akasema kwa ile sauti yake ya kuuzia samaki, maneno mazima, hakuna hata moja lililopinda, uwanja wote ukageuka:

"Dokotera, nakuomba kwa Mungu, unirudishe gizani."